GOTI NI LA MWENYEWE, SI LA WASHABIKI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila mwaka walimu wenzetu huandika hapa juu ya swala, funga, adabu za kutafuta elimu na mengineyo yenye faida. Safari hii sisi tumeona tuzungumzie mpira wa miguu, na hasa ule mjadala usiokwisha vijiweni: mshambuliaji aliyeumia atarudi lini?

Huenda mzazi akashangaa kulikuta jambo hili katika jarida la madrasa. Lakini tukisema kweli, watoto wetu wa Kibaha na wenzao wa Kisarawe wakitoka darasani jioni, neno la kwanza si kanuni za tajwidi. Ni Simba, Yanga, Arsenal na Manchester. Wanajua nani kaumia kifundo cha mguu na nani kafanyiwa upasuaji, kabla hata hawajajua kuwa jirani yao analala na homa. Mchezo wenyewe si kitu kibaya. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), na mwili wenye nguvu ni neema. Kinachotushughulisha sisi ni maneno yanayosemwa pembeni ya uwanja, kwani maneno nayo yana hesabu yake.

Mjadala tunaoujua

Atakayepita Maili Moja jioni, au akakaa penye kahawa na kashata pale Kisarawe mjini, hatakosa kuusikia mjadala huu. Mmoja atasema mchezaji fulani amekwisha kupona, ni kocha tu anamficha. Wa pili atasema huyo basi tena, goti likishaguswa na kisu halirudi kama zamani. Wa tatu atasema hana lolote, anakula mshahara wa bure. Wa nne, mwenye simu mkononi, atasema ameona picha yake akikimbia mazoezini, kwa hiyo Jumamosi ni lazima apangwe. Katika wote wanne hakuna aliyeliona goti lenyewe, wala hakuna daktari katika baraza lile. Hata hivyo hukumu hutolewa kwa sauti kubwa, na mara nyingine watu huachana wamenuniana.

Tuchukue mfano wa kijana wetu Mbwana Ally Samatta, kwani habari zake tunazijua wote. Alichezea Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akatwaa nayo ubingwa wa klabu za Afrika mwaka 2015, na Januari 2016 akatunukiwa mjini Abuja tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wale wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huo huo akahamia Genk ya Ubelgiji. Novemba 2017 akaumia goti, akakaa nje kwa wiki kadhaa.

Hapo ndipo kila baraza likawa hospitali. Wapo waliosema safari yake ya Ulaya imeishia hapo, na kwamba mchezaji wa kwetu akiumia huko hupewa nauli ya kurudi. Wapo waliotaka arudi upesi, Taifa Stars inamsubiri. Samatta mwenyewe hakuwasikia. Alitibiwa, akafanya mazoezi aliyoambiwa, akarudi siku yake ilipofika. Machi 27, 2018 alifunga goli katika ushindi wa 2-0 dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pale Uwanja wa Taifa. Msimu wa 2018/19 alifunga magoli 23 katika ligi ya Ubelgiji, Genk wakawa mabingwa, na mwaka 2019 akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ile. Waliomzika mwaka 2017 walikuwa wa kwanza kushangilia, na hatukumsikia hata mmoja akisema alikosea.

Dua mbaya kwa goti la mwenzako

Sasa ndugu wasomaji, mkasa uliotufanya tushike kalamu ni wa mwaka 2020, na ni mkubwa kuliko huo.

Januari 1 ya mwaka ule, Aston Villa ya Uingereza ilicheza ugenini na Burnley. Mshambuliaji wake, Mbrazili Wesley Moraes, alifunga goli siku hiyo, kisha katika mchezo huo huo akaumia goti vibaya. Kijana wa miaka 23, ambaye Novemba 2019 ndiyo kwanza alikuwa ameichezea timu ya taifa ya Brazil. Alikuwa ametokea Club Brugge, timu ile ile ambayo Genk ya Samatta iliipiku katika mbio za ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019. Kwa hiyo walikuwa wakijuana uwanjani. Siku 19 baada ya kuumia kwa Wesley, yaani Januari 20, Aston Villa wakamsajili Samatta ili azibe pengo.

Tanzania nzima ilifurahi, nasi tulifurahi. Februari mosi tulitazama mchezo wa Bournemouth kwa jirani yetu. Mpira ulianza saa 12 jioni na mapumziko yakaangukia karibu na Magharibi, tukaswali, tukarudi, na katika dakika ya 70 Samatta akafunga kwa kichwa. Villa walifungwa 2-1, lakini Kibaha nani aliyeyajali matokeo? Mtanzania alikuwa amefunga katika Ligi Kuu ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Machi mosi akafunga tena, safari hii Wembley, katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, ambayo Villa walipoteza 2-1.

Katika furaha ile likaingia swali: Wesley akirudi itakuwaje? Atampokonya Samatta namba? Hapo mjadala wa kurudi kwa mshambuliaji ukageuka. Siku zote washabiki huuliza atarudi lini kwa kuwa wanamtaka. Safari hii wakauliza kwa kuwa hawamtaki. Tulimsikia kijana mmoja, wenzake wakicheka, akisema anamuomba Mungu goti la yule Mbrazili lisipone mpaka mkataba wa Samatta uishe.

Tukamwita pembeni. Tukamwuliza, "Kijana wangu, mama yake Wesley naye akiinua mikono kwao, akaomba Samatta avunjike ili mwanawe arudi kwenye nafasi yake, utaitikia amina?"

Akainama. Akasema, "Hapana, Ustadh."

"Basi dua yako na hiyo zina tofauti gani?"

Hakujibu, na hatukumlazimisha ajibu. Tunaamini hakuwa na chuki na mtu. Alimpenda Samatta tu. Lakini mapenzi yasiyo na mpaka humfikisha mtu mahali asipokusudia, na hapa yalimfikisha katika kumtakia mwanadamu mwenzake, asiyemjua na asiyemkosea, abaki kilema.

Mwisho wake ulikuwaje? Septemba 2020 Samatta aliondoka Aston Villa akaenda Fenerbahçe ya Uturuki. Villa walikwisha kumnunua mshambuliaji mwingine, Ollie Watkins, kutoka Brentford. Wesley hakuonekana uwanjani mpaka Aprili 2021, baada ya zaidi ya mwaka mzima wa matibabu na mazoezi. Samatta na Wesley hawakuvaa jezi ile pamoja katika mchezo hata mmoja. Yule aliyehofiwa kuwa atampokonya mwenzake namba alikuwa bado anajifunza kukimbia upya. Riziki ya Samatta ilipita mlango mwingine kabisa, usiohusiana na goti la Wesley. Hasadi ya vijiweni haikumwongezea mmoja wala kumpunguzia mwingine, ila wenye kuisema waliandikiwa walichokisema.

Maumivu huondoka kabla ya kupona

Tumeona pia tueleze kwa ufupi kwa nini jambo hili linahitaji subira, ili wanafunzi wasidhani tunawapa mawaidha matupu.

Ndani ya goti kuna kano, yaani nyuzi ngumu zinazoushikamanisha mfupa wa paja na ule wa muundi. Kano ya mbele ikikatika kabisa, kwa mchezaji wa mashindano mara nyingi daktari humfanyia upasuaji na kuchukua kipande cha kano nyingine mwilini mwake, labda nyuma ya paja au mbele ya goti, akakipandikiza pale. Kipande kile hakifanyi kazi mara moja. Katika miezi ya mwanzo hulegea kwanza kabla ya kukomaa, mfano wa mche uliohamishwa kutoka kitaluni, ambao hunyauka kidogo ndipo ushike ardhi. Wakati huo huo uvimbe umekwisha, maumivu yamekwisha, na mwenyewe anajiona mzima. Hapo ndipo penye hatari. Mtu anahisi amepona wakati mwili haujamaliza kazi yake. Ndiyo maana madaktari wengi wa michezo hushauri mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa namna hiyo asirudi kwenye ushindani kabla ya miezi 9, na hata hapo apimwe nguvu za mguu kwanza, isiwe kuhesabu tarehe tu.

Dunia ya soka ina ushahidi wake. Ronaldo wa Brazil aliumia goti mwezi Novemba 1999 akiwa Inter Milan, akafanyiwa upasuaji. Aprili 12, 2000, miezi isiyotimia mitano baadaye, aliingizwa katika mchezo wa fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio mjini Roma. Hakumaliza hata dakika 10. Alianza kukokota mpira, hakuna aliyemgusa, akaanguka akishika goti huku akilia, kano imekatika kabisa. Msimu wote uliofuata wa 2000/01 hakucheza. Safari ya pili alipewa muda, na mwaka 2002 kule Korea Kusini na Japani alifunga magoli 8 katika Kombe la Dunia, mawili kati ya hayo katika fainali dhidi ya Ujerumani. Mtu ni yule yule na goti ni lile lile, ila mara ya pili walimngojea.

Aidha, tunawakumbusha wanafunzi wetu jambo wanalolijua tangu darasa la chini. Mwezi wa Ramadhani ukifika, mgonjwa anaruhusiwa kula, akalipa siku nyingine. Funga ni nguzo ya dini. Ikiwa Muumba wa mwili huo amempa mgonjwa ruhusa katika nguzo, ni nani mshabiki hata amnyime mgonjwa ruhusa katika mechi ya Jumamosi? Na Mtume (S.A.W.) alimkumbusha sahaba wake, aliyekuwa akijilazimisha kufunga kila siku na kusimama usiku kucha, kuwa mwili wake una haki juu yake. Kama haki hiyo haiondoki kwa ajili ya ibada, haiwezi kuondoka kwa ajili ya kabumbu.

Dhana na mikeka

Lipo jambo jingine katika mijadala hii, nalo ni kumdhania mgonjwa kuwa anajifanya. Washabiki wa Yanga wanamkumbuka Donald Ngoma, mshambuliaji wa Zimbabwe aliyejiunga nao mwaka 2015 na kuwafurahisha kwa magoli. Msimu wa 2017/18 sehemu kubwa aliukosa kwa majeraha. Vijiweni maneno yalikuwa mengi: mara ni mvivu, mara anajidekeza, mara anatafuta timu nyingine. Mwaka 2018 akaenda Azam FC, akarudi uwanjani na kufunga. Baadhi wakasema, mnaona, alikuwa akijifanya. Hawakufikiria kwamba huenda alikuwa mgonjwa kweli, kisha akapona kweli.

Katika Suratul Hujurat tumekatazwa kudhaniana vibaya na kusengenyana, na hatujaona mahali palipowekwa ruhusa kwa wachezaji wa mpira. Mchezaji naye ana heshima yake, ana wazazi na watoto wanaosikia yanayosemwa. Mtu akisema ana maumivu, sisi hatuna kipimo cha kumkadhibisha.

Na siku hizi limeongezeka la mikeka. Zamani mshabiki alikasirika kwa sababu ya mapenzi ya timu tu. Leo wapo vijana walioweka fedha kwenye kamari ya mpira, na kwao taarifa ya kuumia kwa mshambuliaji ni taarifa ya hasara. Hawaulizi mtu ameumia wapi, wanauliza mkeka umechanika au la. Hukumu ya kamari mnaijua na hatuna haja ya kuirudia hapa. Tunachotaka mzazi akione ni kwamba kamari humfundisha mtoto kuutazama mwili wa mwanadamu kama bei ya sokoni, inayopanda na kushuka.

Goti la kwetu

Wapenzi wasomaji, yote hayo yangekuwa habari za mbali kama yasingetufika hapa hapa kwetu.

Mwaka ule ule wa 2020 tulikuwa na mchezo wa kirafiki na wenzetu wa madrasa moja ya Kisarawe, uliopangwa Jumapili ya Machi 22. Michezo hii ni ya kujenga udugu. Mwaka mmoja wao huja kwetu, mwaka mwingine sisi huenda kwao, tukala pamoja na kuswali pamoja. Lakini watoto ni watoto, na mwaka uliotangulia walikuwa wametufunga, kwa hiyo wetu walikuwa wakihesabu siku.

Katikati ya Februari mshambuliaji wetu tegemeo, kijana wa miaka 14, aliruka mazoezini akatua vibaya. Goti likavimba. Jirani mmoja akashauri akandwe kwa maji ya moto na chumvi na mguu uvutwe, lakini mama yake akampeleka hospitali. Daktari akasema mfupa haukuvunjika, kano imevutika, apumzike si chini ya wiki 6, kisha aanze mazoezi mepesi ya kuupa mguu nguvu. Ukihesabu, wiki 6 zilikuwa zinamalizika baada ya siku ya mchezo.

Ilipofika wiki ya kwanza ya Machi uvimbe ulikuwa umekwisha. Kijana akaonekana akikimbia. Basi mjadala wa vijiweni ukahamia uani kwetu. Kundi moja la wanafunzi likasema amepona, apangwe. La pili likasema acheze kipindi kimoja tu, afungwe bendeji. La tatu likaanza kunong'ona kuwa ni mwoga, anawakimbia Kisarawe. Hata mzazi mmoja alitujia akasema, "Ustadh, mtoto mwenyewe anataka. Mtamzuiaje?" Na kweli mtoto mwenyewe alitaka, tena alitaka kuliko wote. Tuliwahi kumwona akishuka ngazi za msikiti kwa mguu mmoja mmoja, na alipotuona akajikaza akatembea kama hana kitu. Mtoto wa miaka 14 akisikia wenzake wote wanamwita jina, atawezaje kusema bado linauma?

Siku tatu baadaye alikuja mama yake. Ni mama anayeuza maandazi na mihogo asubuhi, na kijana huyu ndiye humchotea maji na kumbebea mzigo kabla ya kwenda shule. Hakuja kugombana. Alitusalimia, akakaa kwenye mkeka pamoja na mama wenzake, akasema, "Ustadh, nyinyi mnamhitaji mwanangu Jumapili. Mimi namhitaji Jumatatu, na Jumatatu zote zinazokuja."

Hatukuwa na neno la kuongeza. Tukawakusanya wanafunzi, tukawaambia kijana hachezi, na kwamba uamuzi ni wetu, si wake, asilaumiwe wala asiitwe mwoga. Tukawaambia pia kwamba atakayetaka kumsaidia rafiki yake, amsaidie kuchota maji ya mama yake mpaka apone. Wengine walinuna. Wawili walikwenda kuchota maji. Sisi tuliona wawili hao wanatosha kuanzia.

Machi 17, siku tano kabla ya mchezo, Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa michezo kwa sababu ya ugonjwa wa Corona. Mechi yetu haikuchezwa. Yale yote yaliyosemwa, manung'uniko na kunongonezana, yalikuwa juu ya mchezo ambao Mwenyezi Mungu alikwisha kujua kuwa hautakuwapo. Lakini goti lilikuwapo, na lingebaki na huyo kijana hata baada ya sisi kusahau tarehe ya mechi.

Kijana alipumzika miezi ile. Akifanya mazoezi aliyofundishwa, kukaa kwenye kiti na kuunyoosha mguu polepole, mara kadhaa kwa siku. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni alianza kukimbia, na mechi na Kisarawe ilipochezwa mwaka uliofuata alipangwa. Hakufunga, tukatoka suluhu bila kufungana. Hata hivyo kesho yake asubuhi alikuwa njiani na ndoo ya maji, akitembea sawasawa.

Tunachowausia

Tunamalizia kwa kuusia machache.

Kwanza, wewe mwanafunzi unayecheza. Ukiumia, sema. Kusema unaumwa si uoga. Usiwasikilize wanaokupigia makofi kwa sababu makofi yao ni ya dakika 90, nawe utalala na mguu huo usiku. Usivutwe wala kukandwa na kila anayejitolea kabla hujaonwa na mtaalamu. Na maumivu yakiondoka, ngoja muda uliopewa utimie.

Pili, wewe mshabiki. Penda timu yako, cheka, bishana kwa wema. Lakini likija la mtu aliyeumia, anza na dua ya kumtakia afya, awe wa timu yako au wa wapinzani, awe Mwislamu au asiwe. Usimseme kuwa anajifanya, usimtakie abaki hivyo, wala usimharakishe. Kama swali lako ni atarudi lini, jibu lake analo daktari wake.

Tatu, nyinyi wazazi. Msiwaachie washabiki miili ya watoto wenu. Mama yule alitumia maneno machache tu, bila hasira, akamaliza mjadala uliotushinda sisi wote kwa wiki nzima. Mtoto anapozungukwa na kelele za kumtaka, anahitaji angalau mtu mmoja anayemtaka yeye mwenyewe kuliko magoli yake.

Nne, sisi walimu na viongozi wa timu. Mtoto mgonjwa asiulizwe mbele ya wenzake kama anaweza kucheza. Hapo hana uhuru wa kujibu hapana. Aulizwe faraghani, na uamuzi tuubebe sisi, ili lawama zisimwangukie yeye.

Na mgonjwa huyu wa uwanjani atukumbushe wagonjwa wengine. Kama tunaweza kufuatilia kila siku hali ya goti la mtu aliye Uingereza, basi hatuna udhuru wa kutojua hali ya bibi jirani aliyelala wiki ya pili sasa. Kumtembelea mgonjwa ni haki yake juu yetu, na kwake yeye swali la atainuka lini ni swali jema kabisa, ukienda kumwuliza mwenyewe na mkononi una chochote.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote, awahifadhi vijana wetu wa Kibaha na Kisarawe katika michezo yao na masomo yao, na azilinde ndimi zetu na yale tusiyoyajua.